Muulize Shangazi: Kakangu ametoka jela ya Kamiti, mama anataka alale kwangu

Mwezi uliopita niligusia hapa, mistari kama minane tu, habari ya mtu anayetoka jela kwa kesi ya kunajisi na vile mtaa unafaa kumpokea, na tangu hio siku simu yangu haijapoa. Wengine wamenitusi, sawa. Lakini barua zilizokuja nyuma ya matusi ndizo zimenifanya nitoe ukurasa wote leo. Kwa wale wageni, mimi kabla ya kuitwa Shangazi hapa nilikuwa afisa wa probesheni Nairobi, yule anayefuatilia waliohukumiwa wakiwa nje ya jela, nimezunguka na faili hizi mtaa kwa mtaa hadi nikajua choo cha kila ploti kinaangalia wapi, kwa hivyo sitaongea kama mtu aliyesoma tu.

*Shangazi, habari yako. Kakangu mkubwa alifungwa miaka 15 kwa kunajisi msichana wa miaka 16 aliyekuwa anakuja kwake tuisheni ya hesabu. Ametoka baada ya miaka 10, amekuwa kwa mama lakini sasa mama anarudi Murang'a na anataka nimchukue. Mimi niko Kayole, chumba kimoja na sebule, bwanangu ni dereva wa lori, yuko barabara ya Malaba wiki nzima. Nina msichana wa miaka 9 na kijana wa miaka 6. Watoto tuliwaambia anko alikuwa kazi Qatar. Mama anasema nikikataa nimetupa damu yangu, na ati ameokoka, hata anaongoza maombi. Nifanye nini? – Dada Njia Panda*

Dadangu, asilale kwako. Nimeanza na jibu ndio usihangaike kulitafuta huko chini. Si kwamba namjua kakako kuwa mbaya leo, mimi sijamwona, ni vile nyumba yako imekaa. Watoto wanalala sebuleni, si ndio? Na yeye atalala wapi kama si hapo hapo, na pazia katikati? Baba hayupo, wewe unatoka saa kumi na moja asubuhi kuwahi matatu, na mtu mzima anayebaki ni yeye. Hata angekuwa malaika, huwezi mpanga mtu aliyetoka kwa kesi kama hio kwa mpangilio kama huo halafu ukaita hio ni kumsaidia. Unamtega. Na watoto unawatega zaidi.

Kuokoka kwake sikucheki, nimeona watu jela wakishika dini na ikawashika. Lakini mtu anaweza kuomba hadi magoti yaote sugu na bado akahitaji mlango ufungwe kati yake na jambo linalomshinda. Mlevi aliyeokoka hatumwajiri baa.

Sasa hio stori ya Qatar. Hapo ndipo nimesimama nikasoma barua yako mara mbili, juu hapo ndipo shida iko kuliko hata kitanda. Umewapa watoto anko mgeni, ametoka ng'ambo, analeta peremende, watoto wenyewe watamkimbilia mapajani. Na yeye umempa uongo wa kubeba kila siku, na mtu wa kesi hizi akishazoea kubeba siri moja, ya pili haimlemei. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuambiwa ukweli kwa saizi yake. Mwambie hivi, anko alimkosea msichana mmoja, alimfanyia mambo ya mwili ambayo mtu mzima haruhusiwi, korti ikamfunga. Sasa ametoka, ni ndugu yetu, lakini kwetu kuna sheria: hatukai naye peke yetu, hatuogeshwi naye, hatutumwi naye dukani, na akisema jambo ni siri yetu wawili, hio siri unaniletea mimi siku hio hio. Na umwambie mbele yake. Ndio, mbele yake na mbele ya mama pia. Akikasirika kwa sababu sheria imesemwa kwa sauti, hio hasira ni habari, iweke akilini.

Mama naye mwambie kumpenda ni kumtafutia chumba. Chumba cha mabati cha bei nafuu, mchange kama mnavyochanga matanga, awe na kufuli yake na kazi ya mchana. Aje kula kwako Jumapili mkiwa wote, aende zake.

Kuna watu wataniuliza, kwani serikali haimfuatilii? Hapa watu wengi hawaelewi. Alipewa miaka 15 akatoka baada ya 10 kwa sababu sheria ya magereza inampa mfungwa mwenye nidhamu msamaha wa thuluthi moja, ile tunaita remisheni. Huyo kwa sheria amemaliza, hana wa kuripoti kwake. Isipokuwa, na hii ndio nataka mshike, isipokuwa hakimu alimtangaza mkosaji hatari wa kingono. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ile Njoki Ndung'u alipeleka bungeni akiwa mbunge wa kuteuliwa, ina kifungu cha 39 kinachoruhusu korti kusema kwamba huyu akitoka atakuwa chini ya usimamizi wa muda mrefu: ahudhurie programu ya kurekebisha tabia, aache pombe na dawa, asikanyage mahali fulani, asifanye kazi fulani. Aliyekosea mtoto anaweza kutangazwa hivyo hata kama ni kosa la kwanza. Shida ni kwamba korti *inaweza*, hailazimiki, na nyingi hupita tu hapo, wanahesabu miaka ya jela wanafunga faili. Kwa hivyo tafuteni nakala ya hukumu yake msome ukurasa wa mwisho. Na hata kama hakuna kitu hapo, nendeni naye ofisi ya probesheni mkaseme tunaomba mtu wa kuongea naye. Mimi nilikuwa nawapokea wa hivyo, na nilikuwa nafurahi kuliko wale wa kuletwa na pingu.

Jambo lingine. Aliingilia kwa mlango wa tuisheni. Si pombe, si kichaka, ni hesabu. Kwa hivyo tuisheni imekufa, hata wamama wa mtaa waje na machozi ati mtoto amepata D na fundi wa hesabu yuko hapa bure. Sheria hio hio inasema aliyewahi kupatikana na hatia akiomba kazi ya kukaa na watoto ama kuwasimamia bila kusema ana hukumu, hio ni kosa jingine jipya. Kichwa chake cha hesabu akipeleke kwa hadwea, awe wa kupiga mahesabu ya simiti.

Na Mungu apishe mbali, mtoto akikwambia kitu, usimwogeshe, usifue nguo, tia kwa bahasha ya kaki si mfuko wa plastiki, kimbia hospitali kabla ya masaa 72 yaishe juu dawa za kuzuia virusi haziwezi kungoja, halafu polisi. Simu ya bure ni 116 ya watoto ama 1195. Na wazee wasije na mbuzi. Kesi hizi familia haiwezi kuziondoa, uamuzi ni wa mkurugenzi wa mashtaka, si wenu, hata mkikubaliana mpaka mkaimba.

*Shangazi mimi ni katibu wa Nyumba Kumi hapa Umoja. Kuna mpangaji mpya tumesikia alitoka jela kwa mambo ya watoto, mtu alimjua kijijini kwao. Picha yake tuko nayo. Tuiweke kwa grupu ya WhatsApp ya ploti na ya wazazi wa shule? Na kwani serikali haina orodha ya hawa watu? – Katibu*

Katibu, orodha iko. Kifungu hicho hicho cha 39 kinamtaka msajili wa Mahakama Kuu aweke rejista ya waliopatikana na hatia, na mtu mwenye sababu ya maana anaweza kuomba kuangalia. Lakini si orodha ya kubandikwa kwa mti.

Na picha usiiweke. Najua utasema Shangazi anatetea wabakaji, wacha nikueleze kilichonipata. Nilikuwa na mteja, tuite tu hivyo, alikuwa anaripoti kwangu kila Jumatano ya pili bila kukosa, ana kibanda cha kushona viatu, nilijua anaamka saa ngapi, nilijua jirani yake anaitwa nani na jirani alijua namba yangu. Mtu akatoa picha yake ikazunguka. Usiku huo wakamtolea godoro nje, mawe mawili matatu, akakimbia na nguo alizovaa. Jumatano nikangoja. Nikapiga simu, mteja hapatikani kwa sasa. Mpaka leo sijui alienda mtaa gani. Sasa wewe niambie, watoto wa Nairobi walikuwa salama zaidi Jumanne nikijua kibanda chake kiko wapi, ama Alhamisi nikiwa sijui?

Miami kule Marekani walifanya kubwa zaidi. Waliweka sheria kwamba aliyekosea watoto asiishi karibu na shule, futi 2,500, na mji ukipima hivyo unakuta hakuna pahali pamebaki. Wanaume makumi wakaishia kulala chini ya daraja la Julia Tuttle, juu ya maji, kwa mahema, maafisa wakienda kuwaangalia huko huko chini ya daraja. Hakuna kazi, hakuna stima, hakuna familia. Mtu anayefuatilia hizi kazi anajua hizo ndizo zile zile hali zinazomrudisha mtu kwa kosa.

Tena kuna jambo watu hawapendi kusikia. Mkanada mmoja, Karl Hanson, na mwenzake Bussière walikusanya tafiti 61 mwaka 1998, watu zaidi ya elfu ishirini waliowahi kukosa kingono, na ndani ya miaka 4 hadi 5 waliopatikana wamerudia kosa la kingono walikuwa asilimia 13.4. Hizo ni zilizojulikana, zilizofichwa hakuna anayehesabu, na kuna wa hatari kubwa kuliko wengine, lakini si ile tunasema mtaani ati wote watarudia. Na huku mkikodolea macho huyo mmoja, anayewakosea watoto wetu kwa wingi ni mtu mtoto anamjua, wa nyumbani, wa ploti, wa kanisani, ambaye hana faili mahali.

Fanya hivi. Kwanza hakikisha ni yeye, "mtu alimjua kijijini" imeshaua watu wasio na hatia. Nenda na mzee mmoja mtulivu kwa naibu chifu, muitwe wote watatu na huyo bwana, mumwambie uso kwa uso tunajua, hatukufukuzi, tunataka ukae hivi na hivi. Halafu mtengeneze ploti. Choo cha pamoja kiko mwisho wa korido, taa iliungua, mnangoja landilodi. Nunueni balbu leo. Mtoto asiende choo usiku peke yake, huyo mpangaji awepo asiwepo.

*Shangazi usinitusi tafadhali. Ni mimi ndiye nilifungwa. Nilikosea mtoto wa jirani nikiwa na miaka 24, sa hii niko 36, ni fundi wa kuchomelea Kariobangi. Korti iliniweka chini ya usimamizi, naripoti, nilifundishwa hadi nikapewa daftari. Miaka miwili nimekuwa sawa. Lakini tangu mwezi wa nne kazi imekuwa chini, tumekosana na msichana niliyekuwa nataka kuoa, nimerudia kegi kidogo wikendi, na mawazo yamerudi. Sijafanya kitu. Nikimwambia afisa atanirudisha ndani? – Fundi*

Fundi, sitakutusi. Barua yako ndio imefanya nilale macho wazi, na ndio nimeipenda kuliko zote, manake umeandika kabla, si baada.

Mwambie afisa kesho. Mawazo si kosa kwa sheria ya Kenya, hakuna anayefungwa kwa kilicho kichwani, na afisa anayejua kazi yake akisikia hivyo anavuta kiti karibu, hafungui kitabu cha kukamata. Kitakachokupeleka ndani ni lile utakalofanya baada ya miezi mitatu ya kunyamaza.

Hilo daftari ulilopewa nadhani nalijua ukoo wake. Kina Marlatt, watafiti wa ulevi huko Marekani, walikuwa wanauliza kwa nini mtu aliyeacha pombe anarudi, wakaona harudi siku moja kwa bahati mbaya, kuna ngazi anashuka, pole pole, moja moja. Miaka ya 80 mwanzoni watu kama Pithers na Marques wakachukua wazo hilo wakalipeleka kwa waliokosea kingono: mtu aandike ngazi zake mwenyewe, hisia gani inatangulia, inafuatwa na mawazo gani, halafu anajidanganya vipi, halafu anajisogeza wapi. Sasa angalia barua yako, umeandika ngazi zote mwenyewe bila kujua. Kazi chini. Upweke. Kegi. Mawazo. Unajua ya tano ni nini, wewe ndiye unajua, iko ndani ya daftari kwa mwandiko wako.

Ya tano huwa haina sura ya kosa. Ntakupa mfano. Nilikuwa na mzee mmoja, akishuka matatu kwa steji yake miaka yote, siku moja kwa stori tu akaniambia siku hizi anashuka steji moja kabla ananunua mandazi. Mandazi ya huko ni kubwa, akasema, na ni shilingi tano rahisi. Nikaandika mandazi, nikaendelea na mengine. Usiku nimelala ndio ikanigonga, nikaamka nikatoa ramani ya mtaa kichwani: steji hio, kibanda cha mandazi, geti la shule ya msingi, na yeye hutoka kazini saa tisa na nusu. Wiki iliyofuata nikamuuliza, mandazi ya pale ina nini? Akacheka. Halafu akanyamaza. Halafu akalia, mtu mzima na mvi zake. Hakuwa amemgusa mtoto yeyote, wala hakuwa amejiambia naenda kuangalia watoto. Alikuwa amejiambia mandazi. Tulibadilisha steji, na bibi yake akawa anamchemshia viazi za kubeba.

Kwa hivyo wewe tafuta mandazi yako. Ni nini kimebadilika tangu mwezi wa nne ambacho hakina maana? Njia mpya? Mteja mpya mwenye geti la kuchomelea nyumbani mahali kuna watoto? Simu unayokaa nayo saa nane usiku?

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na mimi hio methali naiogopa kidogo juu nimeskia watu wakiitumia kama msamaha. Lakini kwa jambo hili ni kweli kabisa ukiishika vizuri. Mawazo kurudi na kegi mbili, umeteleza. Hatari ni ile sauti inakuja asubuhi inakuambia basi umeshaharibu, wewe ni yule yule, hakuna haja ya kujizuia. Hio sauti imeangusha watu wengi kuliko pombe yenyewe. Ikija, simu.

Na nisikudanganye ati daftari peke yake linatosha. California walipima programu ya aina hii kwa miaka, hospitali ya Atascadero, waliofundishwa kwa upande mmoja na wasiofundishwa upande wa pili, matokeo ya mwisho yakatoka 2005 na kwa jumla hakukuwa na tofauti. Iliumiza watu wengi wa kazi hii, mimi mmoja wao. Lakini ukichungulia ndani, waliokuwa wa hatari kubwa na wakashika masomo kweli kweli, si kukaa tu darasani, walifanya vizuri kuliko wenzao ambao hayakuwaingia. Na miaka hio hio kina Tony Ward, mwanasaikolojia wa New Zealand, walisema jambo ambalo nyanyangu angesema bila kusomea: huwezi kumpa mtu orodha ya makatazo halafu umuache na maisha matupu. Umenyimwa usifanye hiki na kile, sawa, sasa jioni unafanya nini? Unakula na nani? Wewe huna kazi ya kutosha na umeachwa, hapo ndipo pa kuziba. Kegi ikatwe wikendi hii. Tafuta mafundi wawili wa kula nao mchana, si wa kunywa nao. Kwa kaunsela omba afisa akuandikie barua, hospitali ya akili ya Mathari wako watu wanaoelewa haya na si lazima uwe kichaa kuingia hapo. Kitu kimoja tu ujue, kaunsela ukimwambia kuna mtoto fulani yuko hatarini hatanyamaza, na usitake anyamaze.

Niandikie tena mwezi ujao. Hata mstari mmoja.

*Shangazi, mimi ni mchungaji Dandora. Kuna muumini ametoka jela ya Naivasha kwa kesi ya kunajisi, anataka kuimba kwaya na kusaidia shule ya Jumapili. Wazee wamegawanyika. – Pasta*

Pasta, shule ya Jumapili hapana, wala kambi ya vijana, wala kubeba watoto kwa gari la kanisa. Kwaya ya watu wazima sawa, aingie na atoke na mtu. Na ile kazi ya kumpa ufunguo wa kanisa ati ni mwaminifu, usijaribu.

Lakini kuna kazi kanisa linaweza ambayo hakuna ofisi inaweza. Mwaka 1994 mji wa Hamilton, Ontario, Kanada, mwanaume aliyekuwa amewakosea watoto alitoka jela akiwa amemaliza kifungo chote, kama hawa wetu wa remisheni, hana wa kuripoti kwake, mji umejaa hofu, polisi mlangoni. Mchungaji mmoja wa kanisa dogo la Wamennonite, Harry Nigh, akakusanya waumini wachache wakamzunguka. Mmoja anampigia asubuhi, mwingine anampeleka sokoni, wanakutana naye kila wiki na wanamuuliza maswali magumu usoni, umeenda wapi, uliona nani, unafikiria nini. Wakaita duara. Wakamlinda yeye na mawe ya watu, na wakalinda watoto dhidi yake, na akiteleza wao ndio wa kwanza kusema. Imeenea Uingereza na Marekani, na jimbo la Minnesota walipopima kwa kura, huyu apate duara huyu asipate, wenye duara walikamatwa tena kwa kosa la kingono kwa uchache sana.

Wewe una wazee waliogawanyika. Chukua watano: wawili wanaomtaka, wawili wasiomtaka, na mama mmoja asiyeogopa kuuliza. Waliokataa ndio watakuwa walinzi wazuri, usiwaache nje. Wasiwe na watoto wadogo nyumbani. Wajue kosa lake lote, si ile "alipotoka kidogo", na yeye mwenyewe ndiye awasimulie. Akikataa kusimulia, una jibu lako kabla ya kwaya.

Na yule mtoto aliyekosewa, ama mamake, kama wako kanisani kwako ama mtaa huo, waulizwe kwanza. Wakisema hawawezi kumwona, yeye ndiye anahama kanisa. Si wao.

*Shangazi hawa wahasiwe tu mambo yaishe. – Mwananchi, Pipeline*

Hasira yako naielewa, lakini sheria yetu haina hio adhabu. Nchi nyingine hutumia dawa za kushusha homoni kwa baadhi yao, na hata huko zinakwenda pamoja na matibabu ya kuongea, juu kuna wanaoongozwa na hasira na kutaka kutawala mtu, na hio haikai mahali unapofikiria. Kesi nilizoshika zilifanywa kwa vidole na kwa maneno pia.

*Shangazi nina shule ndogo Ruai, naajiri mlinzi na mpishi. Cheti cha tabia njema cha polisi kinatosha kujua kama mtu alifungwa? – Mkurugenzi*

Kiitishe, ni alama za vidole na ombi la eCitizen, na kama mtu ana hukumu kinafaa kuonyesha. Usipokee fotokopi ya zamani yenye kona iliyokunjwa, itisha kipya. Lakini cheti kinajua tu waliofungwa. Walimu wengi ambao mambo yao yalizimwa chini chini wakahamishwa shule bila kesi hakiwajui, ndio maana TSC, tume ya walimu, walitoa waraka mwaka 2010, namba 3, kuwalazimisha walimu kuripoti wenzao ndani ya masaa 24, na ndio maana walioondolewa kwa rejista majina yao hutolewa, yaangalie kabla ya kuajiri mwalimu.

Kwa mlinzi na mpishi, tafuta shule aliyofanya mwisho, upige simu mwenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe, si ile aliyokuandikia kwa karatasi. Ongea na mwalimu mkuu, halafu ongea na mpishi wa huko. Mwalimu mkuu atakuambia alikuwa mchapa kazi. Mpishi atakuambia kwa nini aliondoka.